Ukuta Juu ya Marumaru

Tangu niache kazi, magoti yangu ndiyo yanayonikumbusha kwamba niliwahi kuwa nayo. Yanaamka kabla yangu. Kutandika marumaru ni kazi ya kupiga magoti kutwa nzima kama mtu wa sala, ila mtu wa sala mwishoni huambiwa aende na amani, na sisi tulikuwa tunaambiwa tuhamie chumba cha pili. Vijana wa karakana ya Gitega mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, kwa sababu mnasema siku hizi jiwe linauzwa na watu wasiolijua. Nitaandika. Msitegemee vicheko vingi, mimi sikukulia kwenye vicheko.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Konsolata, wengi wananiita Mama Konso. Nilizaliwa Mutaho, nikaondoka nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na amani ilipokuja nikarudi mtu mzima, mjane, na sufuria zangu kichwani. Shamba la baba nilikuta baba mdogo analilima, na kulilima analilima vizuri. Alinikaribisha pombe ya ndizi, akanionyesha kaburi la babu, asinionyeshe kingine. Sikumgombeza. Watu walisema nina busara, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nikapanda baiskeli ya abiria hadi barabara kuu, nikaenda Gitega kutafuta kazi yoyote isiyohitaji ardhi.

Niliipata kwa Mzee Kashindi, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Naye alikuwa mkimbizi kama nilivyokuwa mimi, tofauti ni kwamba yeye alikimbilia kwetu wakati sisi tunatoka kwa wengine. Alikuwa na karakana ya mawe nyuma ya soko, na alikuwa anatafuta wanawake wa kusugua marumaru kwa msasa na maji, maana wanaume, alisema, wanasugua kama wanaodaiwa. Siku ya kwanza hakunipa msasa. Alinipa ndoo ya maji na kitambaa, akaniambia niloweshe mabamba yote yaliyoegemezwa ukutani, kisha nikae.

"Nikae nifanye nini, Mzee?"

"Angalia tu, mama. Maji iko nakauka. Fasi yenye itakauka ya mwisho, pale jiwe iko na ugonjwa."

Nikakaa. Fasi kwao ni mahali. Mabamba yakakauka taratibu, na kwenye moja kukabaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Jicho kavu lisingeuona. Ufa unakunywa maji na kuyaficha, ndiyo maana unachelewa kukauka. Baadaye akanipa nyundo ya mpira. "Gonga. Jiwe nzima inaitika. Yenye imepasuka inanyamaza, kama mutu mwenye iko na kesi." Mambo hayo mawili, maji na kugonga, yamenilisha maisha yangu yote, na hayahitaji umeme.

Sasa niseme kuhusu kuchagua, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi huharibikia. Mteja akija msimwonyeshe kipande cha kushika mkononi. Marumaru haichaguliwi kama kitenge. Mpelekeni aone bamba zima, tena lilazeni chini kama litakavyolala kwake, maana jiwe lililosimama juani ni mwongo. Kisha nendeni nyumbani kwake mkaone dirisha liko wapi. Muulizeni wanapika nini. Mama anayekamua ndimu na kukata nyanya juu ya meza ya jikoni, marumaru itamlia kimyakimya: ndimu inaondoa mng'aro, inaacha doa ambalo kitambaa hakitoi. Pombe ya ndizi nayo hivyo hivyo, ikikaa chini ya kikombe inaacha duara. Muulizeni kama kuna wazee, maana marumaru iliyong'arishwa inateleza. Udongo wetu wa Gitega ni mwekundu, na anayetaka sakafu nyeupe mlangoni mwambieni kwanza aweke ngazi ya jiwe la kawaida na mkeka wa katani, la sivyo atakuwa amenunua ugomvi na kila mgeni.

Na bafuni msing'arishe. Bwana mmoja wa ofisini alinilazimisha ning'arishe bafu lake hadi ajione ndevu. Aliyejiona ni mama mkwe, alipokuwa anaanguka. Aliyevunjika mkono ni yeye, aliyelaumiwa ni mimi, na bwana akaendelea kunyoa.

Jingine ni saruji. Chini ya marumaru nyeupe tumieni saruji nyeupe tu. Ile ya kijivu hupenya polepole, na baada ya miezi sakafu inatoa madoa kama mtu aliyepigwa. Na kabla ya saruji yoyote, tandikeni kavu: pangeni mabamba yote sakafuni bila kuyagandisha, fungeni mlango, ingieni upya kama wageni, mtazame mishipa ya jiwe inaelekea wapi. Mzee Kashindi alikuwa anaacha sakafu kavu hivyo hata siku kadhaa. Wateja walikuwa wanapiga makelele. Yeye alikuwa anakohoa na kutabasamu.

Alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wengine waliicheka. Kitu chochote ambacho hakikuhitaji kugandishwa, hakukigandisha. Meza ya jikoni ya marumaru aliilaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na mchanga mwembamba uliochekechwa, ikakaa kwa uzito wake. Nilimuuliza kwa nini.

"Mi niko mukimbizi, mama. Nilijenga nyumba kwetu, nikaacha. Nikajenga ingine, nikaacha. Alors, sasa minajenga kitu yenye inaweza kutoka bila kulia."

Nilicheka siku hiyo. Nilikuja kulikumbuka neno lile Muyinga.

Kazi ya Muyinga ndiyo ya kwanza niliyokwenda peke yangu kama fundi mkuu, kwa sababu kifua cha Mzee kilikuwa kimeanza kumkataza safari. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kobero, ya matofali ya kuchoma, na mlango mkubwa wa mbao nzito ambao huwezi kuusahau ukishausukuma. Mwenyewe alikuwa mjane, Mama Jeneroza. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, mtu wa malori na wabeba mizigo, na ndiye aliyevusha marumaru ile kutoka Tanzania kwa ajili ya sebule yake. Hakuwahi kuikanyaga. Aliuawa njiani wakati wa vita, na mabamba yakabaki yameegemea nyuma ya jiko, yamefunikwa majani ya migomba, miaka yote ya risasi. Mama Jeneroza aliniambia kuna waliotaka kuyanunua, kuna waliotaka kuyaiba, na wote aliwakatalia kwa namna ileile.

Yalikuwa mazuri. Meupe, mishipa ya kijivu, na kati yake mawili yalikuwa mapacha, yaani yamepasuliwa kutoka jiwe moja yakilaliana. Ukiyafungua ubavu kwa ubavu, mishipa ya hili inakutana na ya lile, kama viganja vya mtu mmoja. Nikayapanga katikati ya sebule, mengine yakayazunguka. Nilikuwa nimemaliza kutandika kavu, niko magotini nachungulia usawa kwa pimamaji, mwanga wa mlangoni ukazibwa.

Alikuwa mwanaume wa makamo, kofia mkononi, viatu vya vumbi. Hakuingia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Jeneroza. Nikajua papo hapo kwamba amekulia nilikokulia mimi.

"Amahoro. Uko natafuta nani?"

"Naitwa Zakaria. Baba yangu alikuwa na mji wake hapa. Huo mparachichi nyuma ya jiko ndipo tulipokuwa tunafunga ng'ombe."

Mama Jeneroza alikuwa na sinia mkononi. Aliliweka chini taratibu, juu ya marumaru yangu.

"Hapa tulipewa na leta," alisema. Leta ndiyo serikali. "Bwana wangu njo alijenga hii nyumba. Bwana wangu iko kwenye kaburi pale chini. Mi ntaenda wapi?"

"Na mimi nimetoka wapi, mama? Kule nimezeekea naitwa mkimbizi. Nimerudi, hapa nako niitwe mgeni?"

Hakuna aliyepaza sauti. Afadhali wangepaza. Mimi nilikuwa chini katikati yao na nyundo yangu ya mpira, na moyoni sikujua nisimame na nani. Kwa yaliyonipata nilikuwa wa Zakaria. Kwa mkate nilikuwa wa Mama Jeneroza. Na wote wawili, Mungu ananiona, walikuwa wanasema kweli.

Kazi ikasimama. Mabamba yakabaki sakafuni bila kugandishwa, watu wakiyakanyaga kwa vidole kama wanaopita kwenye mayai, huku abashingantahe wakikaa na kuketi tena. Hao ni wazee wa busara wa vilima vyetu, wanaopatanisha watu kabla mambo hayajafika mahakamani. Zakaria wakati huo alikuwa anakaa Butihinda kwa ndugu wa mbali, kwenye kibanda cha turubai. Mkewe alizikwa kambini, watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa hukohuko Tanzania. Mwishoni wazee wakaamua kama walivyoamua kwingi: ardhi igawanywe nusu kwa nusu. Wakavuta kamba kutoka barabarani hadi bondeni, wakapanda minyaa kufuata kamba. Minyaa ikafika kwenye ukuta wa jiko, ikaishia hapo, ikaanza tena upande wa pili wa nyumba. Hakuna aliyethubutu kuipinda kamba, maana ukiipinda mbele ya nyumba ya huyu, kesho utaombwa kuipinda mbele ya migomba ya yule. Mpaka ukapita katikati ya sebule.

Fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo zizi likatakiwa lipigwe ukuta. Nikaitwa tena.

Nilimkuta mwashi wa pale ameshachora mstari kwa chaki. Ulikuwa unakata juu ya pacha wa kushoto, karibu na ukingo. Yeye alitaka tukate marumaru, tuchimbe msingi, tujenge. "Ukuta bila musingi ni rido," aliniambia, yaani pazia. Kiufundi alikuwa na haki.

Mama Jeneroza akasema, "Usikate."

Nikamtazama Zakaria, nikitegemea ugomvi. Akainama, akapitisha kiganja juu ya jiwe pale kwenye chaki. "Asikate," akasema.

Nilifurahi. Niliona amani imeingia kwa mlango wa kazi yangu, nikajiona mtu wa maana. Furaha ile ilidumu hadi nilipokwenda jikoni kuomba maji. Mama Jeneroza alinisogelea.

"Huyu mwanaume atachoka, dada. Atarudia kule alizoea. Siku ile mi nabomoa, salon yangu iko nzima." Salon ndiyo sebule.

Na jioni, nikikusanya vifaa, Zakaria akaja kunisaidia kubeba ndoo. Alisema kwa upole, kama mtu anayezungumzia mvua. "Watoto wake wako Bujumbura, wana uwezo. Watakuja kumchukua tu mama yao. Siku hiyo, fundi, nisikute nyumba ina kidonda."

Basi kila mmoja alilihurumia jiwe kwa sababu alikuwa anamngoja mwenzake aondoke. Nililala na neno hilo, na asubuhi nikafanya kazi niliyopewa.

Nilitandika sakafu nzima kwa saruji nyeupe, kana kwamba hakuna mpaka. Nikaiacha ikauke hadi moyoni. Nikaisugua kwa maji, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi dirisha likaonekana ndani yake. Kisha pale kwenye chaki nikafanya alivyokuwa anafanya Mzee Kashindi: karatasi ya mifuko ya saruji, juu yake mchanga uliochekechwa, na juu ya mchanga mwashi akapanga matofali yaliyosimama kwa ubavu, ukuta mwembamba, bila kuufunga kwenye kuta za pembeni. Tukaupaka udongo na chokaa. Mwashi alitikisa kichwa hadi mwisho. Nikawaambia wenye nyumba wote wawili, kila mmoja akisikia: huu ukuta msiuegemee kwa nguvu, msiupigilie misumari, na mkitaka siku moja utoke, utatoka bila kulia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo ufundi wangu haukuliweza. Mlango mkubwa uliangukia upande wa Zakaria. Kamba ndiyo iliyoamua. Upande wa Mama Jeneroza ulikuwa na dirisha, na mwashi akalibomoa kwenda chini, likawa mlango, mdogo, mfupi, wa kuinamisha kichwa. Ardhi aliipoteza bila chozi. Aliposimama mbele ya kile kimlango ndipo alipolia.

"Yoo! Niliingia hapa bibi harusi kwa mulango ule, bwana akanishika mukono. Sasa natokea dirishani kama mwizi."

Zakaria alikuwa upande wa pili, na ukuta ule haukuzuia neno hata moja. Nilipozunguka nyumba nilimkuta kwenye mlango mkubwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anatazama viatu vyake.

Miaka iliyofuata nilikuwa ninapita njia ile mara kwa mara, nikienda Kobero, mpakani, kupokea mawe. Mnaijua Kobero: malori yamelala ubavuni mwa barabara, wabadilisha fedha na mabunda yao, wabeba mizigo wanaoahidi kushusha bamba kama yai na kulishusha kama gunia la mihogo. Simameni hapohapo wakati wa kushusha, msiende kunywa chai. Bamba linabebwa limesimama. Ukilibeba limelala, litakatika kiunoni kwa uzito wake lenyewe.

Nikirudi nilipitia kwa wale wawili. Niliingia kwa mlango mkubwa kumsalimu Zakaria, nikatoka, nikazunguka nyumba, nikaruka minyaa, nikainama kwenye kimlango kumsalimu Mama Jeneroza. Hawakuwa wanasemeshana. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na kila mmoja alinipa habari za mwenzake. "Wiki hii iko nakohoa sana, umuambie anywe kitu ya moto." "Mwambie mama yule mvua imeingia jikoni kwake, nimesikia matone." Zakaria alikuwa na redio. Jioni alipoifungua kwa sauti ya chini, Mama Jeneroza aligonga ukuta kwa fundo la kidole, naye akapandisha. Kwaya hasa ndizo Mama Jeneroza alizozipenda. Hakuna aliyemshukuru mwenzake, na hakuna siku redio ilikataa.

Hakuondoka Zakaria. Hakuondoka Mama Jeneroza. Watoto wa Bujumbura walikuja kumchukua, akawaambia atakwenda msimu ujao, na misimu ikapita.

Katikati ya miaka hiyo Mzee Kashindi alikufa. Nitalisema waziwazi kwa sababu ninyi vijana ni wavivu: alikufa kwa vumbi. Alikata mawe makavu miaka mingi, kwa kuwa maji ya karakana yalibebwa kichwani kutoka mbali na kazi ilikuwa ya haraka. Kateni kwa maji. Fungeni pua na mdomo. Nilikuwa ninamshika mgongo akikohoa, na alikuwa mwepesi kama mtoto. Alitaka kuzikwa kwao, ng'ambo ya ziwa, lakini huko kulikuwa na vita vyake wakati ule. Tukamzika Gitega. Nilimkatia jiwe kwa mkono wangu, na sikuligandisha. Nililaza karatasi na mchanga, nikaliweka juu, ili ndugu zake wakija waweze kwenda nalo. Hawajaja bado. Kila mwaka ninaongeza mchanga unaochukuliwa na mvua.

Kazi yangu ya mwisho ilikuja kwa simu. Nilikuwa nimeshaaga karakana, vifaa vyangu nimeshavigawa, nikabaki na sanduku dogo tu la msasa na nyundo. Sauti ilikuwa ya Zakaria, na sasa ilikuwa sauti ya mzee.

"Fundi, mama yule amefariki. Jana, kitandani kwake. Watoto wako njiani."

"Poleni sana, Mzee Zakaria."

"Sikiliza. Jeneza limeingia tupu kwa kile kimlango, wameliinamisha. Sasa amelala ndani yake, wanasema wataliinamisha tena kumtoa. Wamlaze ubavu kama kabati." Nikasikia anavuta pumzi. "Aliingia kwa mlango mkubwa. Atatoka kwa mlango mkubwa. Ulisema ukuta huu unatoka bila kulia. Njoo uutoe."

Nikapanda gari la kwanza. Nilifika nikakuta ua umejaa watu, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wamesimama na kofia mikononi. Mtoto mkubwa wa marehemu, Dezire, bwana wa makamo mwenye suti nyeusi, alikuwa amesimama kando, akimtazama jirani ambaye miaka yote alikuwa amemhesabu adui. Zakaria alikuwa ameshatoa vitu vyake vyote nje, kitanda, meza, sufuria, vimelundikwa kwenye mparachichi. Upande wake wa sebule ulikuwa mtupu.

Tuliutoa ukuta kuanzia juu, tofali kwa tofali, mimi na vijana wa kijijini, tukipokezana mikononi ili vumbi lisimwangukie marehemu upande wa pili. Haukuchukua muda. Chokaa ilikatika kwenye kona kama nilivyotaka ikatike. Nikafagia mchanga, nikakunja karatasi iliyokuwa imeoza, nikapitisha kitambaa chenye maji. Nyumba ikawa nzima.

Zakaria alishika mlango mkubwa ukiwa wazi, mgongo wake umeubana ukutani, na akabaki hivyo hadi Mama Jeneroza alipopita, mabegani mwa watoto wake, amelala sawasawa. Alipopita mbele yake, Zakaria alisema kitu kwa Kirundi, chini sana. Nilisikia neno moja tu, *ihangane*. Ndilo neno tunalowaambia wafiwa: vumilia. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Tulimzika bondeni, karibu na mumewe. Tuliporudi tukanawa mikono kwenye beseni pale mwanzo wa ua, kama ilivyo desturi, na watu wakaingia kukaa. Hapo ndipo wote walipoiona sakafu.

Pale ukuta ulipokuwa, marumaru ilikuwa imebaki kama siku niliyoiacha, nyeupe, inang'aa, mshipa wa pacha umelala ndani yake safi. Pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Upande wa Zakaria ulikuwa umekwaruzwa na viatu na udongo mwekundu. Upande wa Mama Jeneroza ulikuwa na njia iliyofifia kutoka kimlango hadi mahali pamoja karibu kabisa na ukuta, na hapo palikuwa na maduara ya vikombe na alama za miguu ya kiti. Na mkabala na hapo, upande wa pili wa mstari ule mweupe, palikuwa na alama nyingine za miguu ya kiti. Za kwake Zakaria. Walikuwa wamekaa hivyo miaka yote, mgongo kwa mgongo, tofali moja katikati.

Nimeona sakafu nyingi. Sijawahi kuona niliyoshindwa kuitazama hivyo.

Dezire alinijia. "Mama, huu mstari unaweza kutoka?"

"Unaweza. Nikisaga sebule yote pamoja, nikashuka kidogo, nikang'arisha upya, hutajua kulikuwa na ukuta."

"Fanya basi. Halafu tutaangalia na Mzee kama ukuta urudi ama usirudi."

Nilikuwa nimeshafungua sanduku langu. Zakaria alikuwa amesimama kwenye alama za kiti chake, fimbo mkononi.

"Yote utasaga?" aliniuliza.

"Yote, Mzee. Mstari hautoki peke yake. Lazima pande zote mbili zisagwe zilingane nao."

"Na pale alipokuwa anakaa?"

"Napo patasagwa."

Akapatazama mahali pale kwa muda. Watu walikuwa wananong'ona, kikombe kinapita kwa mkono.

"Basi acha," alisema. Kisha akamgeukia Dezire. "Nyumba mtaamua mnavyotaka, mwanangu, mimi nimechoka na kamba. Lakini pale pa mama yako fundi asipasage."

Dezire aliinamisha kichwa kukubali. Nikafunga sanduku. Nilikuwa nimekuja kutoa ukuta, na ukuta ulikuwa umetoka.

Niliaga jua likiwa linashuka. Kwenye ngazi niligeuka kuutazama mlango ule mzito kwa mara ya mwisho. Zakaria alikuwa ameletewa kiti chake kutoka nje, akakirudisha palepale kwenye alama zake, akakaa ameupa mgongo upande wa pili kama siku zote. Akaiweka redio mapajani, akaifungua. Msibani redio haifunguliwi, kila mtu anajua, na hakuna aliyemkemea. Ilikuwa kwaya. Alisubiri kidogo, kichwa amekiinamisha kuelekea nyuma, kama anayetega sikio. Kisha akapandisha sauti mwenyewe.